Msimshushe Tinde: Barua ya Wazi kuhusu Mshikaji wa Steringi

Kwa waandishi wa miswada, waongozaji na watayarishaji wa filamu, mlioko Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Unguja.

Nakala: Bodi ya Filamu Tanzania.

YAH: MSAIDIZI WA SHUJAA KATIKA FILAMU ZA MFULULIZO

Ndugu zangu,

Kwa wale mnaopita hapa usiku mkiwa mmelala kwenye basi, Tinde ndipo barabara inapogawanyika. Ukitoka Nzega, njia moja inakwenda Shinyanga mjini na Mwanza, nyingine inakwenda Isaka, Kahama na mbele hadi mipaka ya Rwanda na Burundi. Malori ya makontena na ya mafuta hupumzika hapa, mabasi hushusha watu hapa. Tumezoea kupokea walioshushwa. Nawaandikia kwa sababu yupo abiria mmoja ambaye mna tabia ya kumshusha njiani kila mnapoitoa hadithi kwenye kitabu au katuni na kuipeleka kwenye filamu. Ni mshikaji wa steringi.

Mnamjua vizuri. Katika kibanda umiza anatambulika mapema: ndiye anayebeba begi, anayeuliza maswali ya kijinga ili steringi apate nafasi ya kueleza mpango, anayeendesha gari wakati mwenzake anapiga risasi, kisha anafia mikononi mwa steringi ili hasira ipande na filamu ifike mwisho. Watoto wa huku wanaijua kanuni hiyo kabla hawajajua kusoma. Steringi hafi. Mshikaji akianza tu kuonyesha picha ya mchumba wake, benchi zima linasema, "Huyo kwisha habari yake."

Siku hizi kila wanapokutana wapenzi wa filamu huzuka hoja ya mfululizo wa shujaa wa Kitanzania: sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, shujaa yule yule, na mambo yawe ya kuaminika, pasiwe na mtu wa kuruka angani na chupi juu ya suruali. Malighafi tunayo. Joram Kiango wa Ben Mtobwa yupo. Willy Gamba wa Elvis Musiba yupo. Bwana Msa wa Mohammed Said Abdulla yupo tangu kabla ya Uhuru. Na huku Usukumani tuna Masala Kulangwa, ambaye hakungoja mchapishaji. Mimi naunga mkono hoja hiyo kwa mikono miwili. Ila nasema hivi: filamu ya shujaa inaaminika au haiaminiki kwa sababu ya mtu anayesimama kando ya shujaa, wala si kwa sababu ya shujaa mwenyewe.

Mtazamaji akishalipa kiingilio amekubali kwamba kuna mtu mmoja asiyeshindwa. Hilo ameshawasamehe. Asilosamehe ni mambo madogo: fedha ya mafuta ilitoka wapi, nani alifungua geti, nani aliijua namba ya lori, jeraha la jana lilishonwa na nani, na mbona mtu huyu hali chakula? Maswali yote hayo hujibiwa na mshikaji. Mkimwondoa, shujaa wenu anakuwa mtu wa bango la matangazo.

Wamarekani walikutana na tatizo hili kabla yetu. Robin aliingizwa kwenye katuni za Batman mwaka 1940, katika toleo namba 38 la Detective Comics, na aliingizwa kwa sababu ya kazi. Batman alikuwa mtu wa peke yake, anawaza kimya, na mwandishi Bill Finger alihitaji mtu wa kuzungumza naye. Watoto nao wakapata wa kujifananisha naye, mauzo yakapanda. Lakini mtoto aliyevaa chupi ya kijani na joho la manjano, anayepigana na majambazi usiku, haulizwi kitu akiwa kwenye karatasi. Akiigizwa na mtu wa nyama na damu mbele ya kamera, swali la kwanza ni: ustawi wa jamii wako wapi?

Christopher Nolan alipotengeneza filamu zake tatu za Batman, mwaka 2005, 2008 na 2012, alimkwepa Robin. Christian Bale, aliyeigiza Batman, naye alisema wazi kwamba hamtaki. Wengi husimulia habari hii hadi hapo tu na kuhitimisha kwamba filamu yenye uhalisia haina nafasi ya msaidizi. Tazameni vizuri. Nolan alimwondoa Robin lakini kazi ya Robin hakuiondoa. Aliigawa kwa wazee watatu. Alfred anatibu majeraha na kusema ukweli mchungu. Lucius Fox anatoa vifaa, na siku moja anapinga kifaa kimoja kinapotumika kusikiliza simu za mji mzima. Gordon anabeba upande wa sheria na aibu zake. Kisha katika filamu ya tatu akaja polisi kijana, yatima, John Blake, ambaye tunaambiwa mwishoni kabisa kwamba jina lake la kwenye vyeti ni Robin. Umri ulibadilika, mavazi yalibadilika, kazi ilibaki pale pale. Kwa Bucky wa Captain America walifanya jambo la karibu na hilo: kwenye katuni za 1941 alikuwa kijana mdogo anayemfuata shujaa, kwenye filamu ya 2011 akawa rika lake, rafiki wa mtaani aliyekuwa akimkinga na vipigo kabla mwenzake hajawa na misuli. Ndiyo maana aliporudi kama adui mwaka 2014 watu waliumia.

Ujanja huo ndio ninaowaombeni muuibe. Wahusika wao waacheni kwao.

Sisi hatuanzi mikono mitupu. Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58 na kuchapishwa 1960, tayari inatupa Bwana Msa na kiko chake, na pembeni yake Najum. Najum ndiye anayeshangaa kwa niaba yetu. Msa anaona majivu ya sigara na kunyamaza. Najum anaona majivu hayo hayo na kuuliza. Nina hofu kwamba akifika kwenye mswada wa leo atageuzwa kijana wa kompyuta anayefungua simu za watu kwa sekunde kumi. Msimfanyie hivyo. Thamani yake ni kwamba ni mtu wa kawaida, mstaarabu, anayeweza kukaribishwa kahawa kwenye baraza lolote bila mtu kubadilisha mazungumzo. Katika mji ambao kila mtu anajua shughuli za kila mtu, huo ni uwezo mkubwa kuliko bastola.

Joram Kiango anaye Nuru, na anaye Inspekta Kombora, afisa wa polisi anayemhitaji na kukerwa naye kwa wakati mmoja. Kombora hahitaji marekebisho makubwa; ni Gordon wetu, na alikuwapo kabla ya huyo wa Nolan. Nuru ndiye anayehitaji kazi. Katika riwaya za namna ile uzuri wa mwanamke hutangulia kila kitu, na mwandishi mvivu wa filamu ataishia hapo hapo: gauni jekundu, hoteli ya kitalii, kutekwa, kuokolewa. Lakini msichana anayezunguka nchi na nchi pamoja na mtu anayewindwa hawezi kuwa pambo. Ni lazima ajue kudanganya afisa wa uhamiaji. Ni lazima awe na mama anayempigia simu kuuliza harusi ni lini. Mpeni hayo, na Joram mwenyewe ataanza kuonekana mtu.

Wazee wa rika la baba zangu watawakumbusha Spear. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 jarida la African Film lililotolewa na kampuni ya Drum lilisomwa kuanzia Lagos hadi Dar es Salaam: hadithi za picha za kupigwa kwa kamera, na ndani yake mpelelezi Lance Spearman, kofia kichwani na sigara kubwa mdomoni. Hata yeye, mjuzi wa kila kitu, hakuachwa peke yake. Alikuwa na Sonia, alikuwa na mvulana Lemmy, alikuwa na Kapteni Victor wa polisi. Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo, naye akatoa hapa nyumbani jarida la picha la namna hiyo, Film Tanzania. Kwa hiyo msituambie kwamba kuigiza katuni kwa watu halisi ni mambo mapya yaliyokuja na intaneti.

Tena kuna jambo la ajabu kuhusu katuni zetu zenyewe. Fungueni Sani za zamani. Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge, Kipepe, Dokta Pimbi: hakuna shujaa hata mmoja. Rudini nyuma kwa Chakubanga wa gazeti la Uhuru, njooni mbele kwa Kingo wa James Gayo, ni hivyo hivyo. Ni watu wa kuponea chupuchupu, wa kukopa, wa kukimbia mwenye nyumba. Katuni ya Kitanzania ni nchi ya washikaji wasio na steringi. Mkitafuta shujaa mle mtakesha. Mkitafuta mtu wa kumweka kando ya shujaa, mtu ambaye mtazamaji wa Igunga au Katoro atasema huyu namjua, hazina ndiyo hiyo.

Sasa niseme jambo linalotugusa sisi wa huku, na naomba mnivumilie. Mshikaji wa steringi katika filamu na vichekesho vyetu mara nyingi amekuwa mchekeshaji, na mchekeshaji huyo mara nyingi amekuwa Msukuma. Anashuka Ubungo na fimbo, katambuga miguuni, lafudhi imetiwa chumvi hadi sisi wenyewe hatuielewi, anashangaa ghorofa, anatapeliwa, watu wanacheka. Utani tunaujua, tunao, na tukiurudisha huwa mkali. Shida yangu si kuchekwa. Shida ni kwamba mhusika huyo hajui kitu chochote, na mtu asiyejua kitu hawezi kumsaidia shujaa.

Mtu wa huku anajua mambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipozidi nguvu za polisi, ni wakulima na wafugaji wa mpaka wa Shinyanga na Tabora walioanzisha sungusungu. Walikuwa na pinde, mishale, filimbi na utaratibu wa kupokezana: mwano, yaani ukelele wa hatari, ukipigwa kijiji hiki, kijiji cha pili kinafunga njia, cha tatu kinafuata nyayo. Mzee anayeweza kutazama vumbi na kukwambia ng'ombe waliopita ni wangapi na wanaswagwa na watu walioshiba au wenye njaa, huyo ndiye mshikaji ambaye Joram Kiango angempandisha gari bila kuuliza nauli. Uhalisia unadai pia muonyeshe upande wa pili, maana sungusungu hao hao walipiga watu, walitoza faini wasizokuwa na mamlaka nazo, na wanawake wazee waliteseka mikononi mwa watu waliojiita walinzi. Mshikaji mwenye historia hiyo mgongoni ni mtu mzito. Shujaa atalazimika kumuuliza ulikuwa wapi usiku ule.

Hapo ndipo napata hofu yangu kubwa kuliko zote, na Bodi ya Filamu naomba iisome aya hii mara mbili. Katuni za mashujaa hupenda msaidizi mwenye nguvu za ajabu zinazotokana na mwili wake: ngozi yake, macho yake, damu yake. Huko kwingine ni mchezo. Kanda ya Ziwa, tangu katikati ya miaka ya 2000, imezika watu wenye ualbino waliouawa na kukatwa viungo kwa sababu mtu aliaminishwa kwamba viungo hivyo vinaleta mali, na machimbo ya dhahabu yametajwa mara nyingi kuwa soko la imani hiyo. Mwaka 2013 filamu ya White Shadow ya Noaz Deshe ililipeleka jambo hilo mbele ya dunia. Kwa hiyo msituletee mshikaji mwenye ualbino anayeona gizani au anayenusa dhahabu. Mkimpa nafasi, na mpeni, awe fundi umeme, awe mwanasheria, atafute kofia na mafuta ya jua kama watu wanavyotafuta, akosee, agombane na steringi. Wala msituletee bibi kizee mwenye macho mekundu anayeongea na mizimu ili kumwonyesha shujaa njia. Macho ya bibi huyo yamekuwa mekundu kwa moshi wa jiko la miaka hamsini, na kuna vikongwe katika mkoa huu waliokatwa mapanga kwa rangi hiyo ya macho. Filamu inayosema macho mekundu yana nguvu, hata kama nguvu hizo ni njema, inaongezea maneno mdomoni mwa muuaji.

Mtoto je? Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, alionyesha katika Uncle JJ kwamba mtoto akipewa nafasi anaweza kumnyang'anya mkubwa filamu nzima. Kwa hiyo watoto wapo na wanaweza. Lakini mkimchukua Lemmy wa Spear na kumleta Geita au Kahama kwa macho ya uhalisia, mtamkuta kwenye machimbo akibeba mifuko ya mawe au akichanganya zebaki kwa mkono, kama shirika la Human Rights Watch lilivyoeleza katika ripoti yake ya 2013 kuhusu watoto kwenye machimbo madogo ya dhahabu nchini. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto kuwa ni mtu wa chini ya miaka 18 na inakataza kumtumia kwenye kazi za hatari. Shujaa anayemtuma mtoto huyo ndani ya duara, shimo la wachimbaji, kumfuatilia mhalifu hana tofauti na mwenye duara. Sisemi mtoto aondolewe. Nasema steringi akimtuma, filamu ijue kwamba ametenda kosa, na mtu fulani ndani ya hadithi amwambie hivyo usoni.

Nilisema tuna Masala Kulangwa. Ngoja nikae kwake kidogo, maana naamini mfululizo mzuri kuliko wote umelala humo. Kwa wasiomjua: zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yao. Akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Akajifungua mvulana, mvulana akakua, akauliza watu wengine wako wapi, mama akamwambia. Tangu hapo akawa anatoka kuwinda, na kila alichoua alikileta nyumbani kumuuliza mama kama hicho ndicho kilichommeza baba. Alileta panzi. Alileta ndege. Alileta wanyama, kila siku mkubwa kuliko wa jana, na kila siku mama alijibu hapana. Mwishowe akalipata zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, watu wakatoka wakiwa hai. Ila katika kupasua, kisu kilikata sikio la bibi mmoja aliyekuwa ndani, na bibi yule hakushukuru. Alikasirika. Kuna wanaosimulia kwamba alitafuta kulipiza kisasi.

Someni tena hadithi hiyo kama watu wa filamu. Mshikaji wa steringi ni mama. Ni yeye peke yake aliyemwona adui kwa macho. Kijana ana nguvu, mama ana habari, na bila habari hiyo kijana angeendelea kuua panzi mpaka uzeeni. Mwandishi wa haraka atamuua mama dakika ya kumi ili kijana apate hasira, na hapo hadithi yote imekufa pamoja naye, kwa sababu atakosekana mtu wa kusema hapana. Mama huyu leo anauza chai na chapati hapa stendi ya Tinde, kila dereva wa masafa anamwita mama, anajua lori gani limepita na mzigo mara mbili na gari gani la serikali halina shughuli ya serikali. Kijana wake anamletea kila siku mhalifu mdogo: mwizi wa betri, mpiga debe, dalali wa dhahabu bandia. Kila siku mama anatazama na kusema siyo huyu.

Na Shing'weng'we? Kwa mtu wa mkoa huu zimwi linalomeza watu wazima wakiwa hai halihitaji vifaa vya kompyuta. Ni shimo. Novemba 2015, katika mgodi wa Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Huko chini walikula mizizi na wadudu. Walioisikia sauti yao walikuwa wachimbaji wenzao. Mkiandika tukio kama hilo, steringi wenu atataka kushuka ndani, na ashuke. Lakini nani amebaki juu? Kuna mtu ameshika kamba ya winchi. Kuna mtu anayejua matimba yapi yameoza na duara la jirani limechimbwa kuelekea upande gani, maana ramani hakuna, ramani iko kichwani mwake. Mtu huyo habadiliki sura, hapigi kelele, mikono tu ndiyo inayotetemeka. Kamera ikae kwake. Steringi yuko gizani, hata hivyo haonekani.

Bibi wa sikio ndiye zawadi ya filamu ya tatu. Katuni nyingi za mashujaa huishia watu wanapotoka tumboni wakishangilia. Babu zetu waliongeza mtu mmoja aliyeokolewa na kuumizwa kwa kisu kile kile, na wakampa haki ya kununa. Sijaona filamu ya Nolan yenye ujasiri huo.

Mkidhani nazungumzia hadithi tu, kumbukeni Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria ikiwa na watu 43. Kumi na tisa walikufa, 24 wakatoka. Kijana mvuvi Majaliwa Jackson alitajwa nchi nzima kuwa shujaa, akapewa fedha, akapewa nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Alistahili. Lakini waliofika mwanzo kwenye ile ndege walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, si mtu mmoja, na baadaye mabishano ya nani hasa alifungua mlango yakameza habari nyingine zote. Taifa lilihitaji steringi, likampata, wengine wakarudi kuvua. Filamu nzuri ya siku ile ingeanza na mtumbwi wa pili.

Wakenya walishaona jambo hili. Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 2018, ni filamu ya shujaa isiyo na uwezo wowote wa ajabu. Jo ni mtoto mgonjwa ambaye hatapona, anapenda filamu za mashujaa, na dada yake Mwix anawashawishi watu wa kijiji wamfanye aamini kwamba ana nguvu. Kijiji kizima kinakuwa mshikaji wa steringi mmoja wa miaka tisa. Uongo wote wa filamu za mashujaa umo, lakini tunawaona wanaoubeba kwa mikono yao. Haikuhitaji fedha za Hollywood.

Mwisho niseme la biashara, kwa kuwa najua watayarishaji mmesoma kurasa hizi mkitafuta hesabu. Mfululizo ni mkataba mrefu na mwili wa binadamu. Kanumba alifariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28, na wahusika wake walikwenda naye. Hakuna aliyekuwa ameandikwa kando yao mwenye uzito wa kuendelea. Chadwick Boseman, aliyeigiza Black Panther, alifariki 2020, na mwaka 2022 filamu ya pili ya Black Panther ilitoka kwa sababu filamu ya kwanza ilimpa Shuri, mdogo wake shujaa, akili yake, ulimi wake na kazi yake mwenyewe. Steringi hafi kwenye hadithi. Waigizaji hufa, huhama, huomba malipo mara tatu. Mshikaji aliyeandikwa vizuri ni bima yenu.

Na akifa yeye, afe kwa sababu ya hadithi. Mwaka 1988 wachapishaji wa Batman waliwaachia wasomaji wapige simu kuamua kama Robin wa wakati huo, Jason Todd, aishi au afe. Waliotaka afe walikuwa 5,343, waliotaka aishi 5,271. Tofauti ya simu 72. Msiwaachie hesabu hiyo watu wa kwenye benchi la kibanda umiza. Mimi nakaa nao, nawapenda, na wangemuua kila wiki.

Kwa Bodi ya Filamu: miswada inapita mezani kwenu. Mnakagua matusi, uchi na damu, ni kazi yenu. Ongezeni swali moja kwa kila mswada wa shujaa: mtu wa pili anafanya kazi gani, na nguvu zake zinatoka wapi? Jibu likiwa kwenye ngozi au macho yake, mrudishieni mwandishi.

Kwa ninyi wengine: mkija kupiga picha kanda hii, mtashuka Tinde mtake msitake. Mshikaji wa steringi mtafuteni hapa hapa, msije naye kutoka Dar akiwa na lafudhi ya kukodi. Asome mswada kabla ya kusaini, alipwe siku mnayomlipa steringi, na jina lake liwe kwenye bango.

Wenu katika filamu,

Mtazamaji wa benchi la mbele,
Tinde, Shinyanga.